Kutoka Vijiji vya Lublin hadi Ulinganishi wa Dhana za Mataifa: Historia ya Mkondo wa Etnolinguistiki katika Chuo Kikuu cha Maria Curie-Skłodowska

Chuo Kikuu cha Maria Curie-Skłodowska, kilichopo katika jiji la Lublin mashariki mwa Poland, kilitimiza miaka 80 mwaka 2024. Miongoni mwa kazi zake zinazostahili kumbukumbu ya pekee ni ile ya wanaisimu wake, ambao waliligeuza jiji la pembezoni kuwa kitovu cha etnolinguistiki, yaani tawi la isimu linalochunguza lugha pamoja na utamaduni wa wasemaji wake, na linaloichukulia lugha kuwa ushahidi wa namna jamii inavyouelewa ulimwengu. Kazi hiyo ilisimama juu ya msimamo mmoja ulioshikiliwa kwa uthabiti kizazi baada ya kizazi: kwamba mkulima ambaye hakusoma ana elimu ya lugha inayostahili kuandikwa kwa uangalifu uleule anaotengewa mshairi mkubwa wa taifa, na kwamba jirani wa taifa jingine ana haki ya kusikilizwa katika lugha yake mwenyewe kabla ya kulinganishwa na yeyote. Historia inayofuata inaeleza jinsi msimamo huo ulivyozaliwa, ulivyopewa nyenzo za kitaaluma, na ulivyofika katika ulinganishi wa dhana za mataifa mengi.

Jiji la mpakani na chuo kilichozaliwa vitani

Lublin ni jiji ambalo historia yake imefungamana na mipaka. Ni huko ambako mwaka 1569 Ufalme wa Poland na Utemi Mkuu wa Lithuania vilitia saini mkataba wa kuungana na kuwa dola moja, na katika karne zilizofuata eneo hilo likawa makutano ya Wapolandi, Waukraine, Wabelarusi na Wayahudi, ambao walisali kwa madhehebu na dini tofauti, waliandika kwa hati tofauti, na walikutana sokoni kila wiki. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili takriban thuluthi moja ya wakazi wa jiji walikuwa Wayahudi, na Kiyidi, lugha yao ya nyumbani, kilisikika mitaani sambamba na Kipolandi, hadi utawala wa Ujerumani ya Kinazi ulipoiangamiza jamii hiyo karibu yote.

Elimu ya juu haikuwa ngeni jijini, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lublin kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1918 na kufungwa na Wajerumani vita vilipoanza. Katika chuo hicho alifundisha Władysław Kuraszkiewicz, mzaliwa wa Włodawa na mchunguzi wa lahaja za mpaka wa Kipolandi na Kiukraine, ambaye baada ya miaka ya kifungo katika kambi za Wanazi alichapisha mwaka 1947 kitabu kuhusu Kipolandi kilichozungumzwa na wafungwa kambini. Kitabu hicho kinaonyesha kwamba hata mahali palipokusudiwa kumvua mtu ubinadamu wake, mwanaisimu aliweza kutunza kumbukumbu ya maneno ya wenzake na kuiwasilisha kama ushahidi.

Chuo kikuu cha pili kiliundwa kwa amri ya serikali tarehe 23 Oktoba 1944, wakati Lublin ikiwa imekwisha kukombolewa na vita vikiendelea magharibi yake. Kilipewa jina la Maria Curie-Skłodowska, mwanasayansi mzaliwa wa Warsaw aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Henryk Raabe, mtaalamu wa elimu ya wanyama. Kwa kuwa nchi ilihitaji kwanza madaktari, wataalamu wa kilimo na wa mifugo, chuo kilianza na vitivo vya sayansi na tiba, na Kitivo cha Insia, ambamo uchunguzi wa Kipolandi ulipata makao yake, kilianzishwa mwaka 1952.

Lahaja zinapokutana

Kitivo hicho kipya kilijikuta katikati ya eneo ambalo kwa mtaalamu wa lahaja ni hazina kubwa. Upande wa magharibi na kusini wa Lublin husikika lahaja za Małopolska, kutoka kaskazini huingia sifa za lahaja za Mazowsze, na mashariki, kuelekea mto Bug, lahaja za Kipolandi zilikaa kwa karne nyingi bega kwa bega na lahaja za Kiukraine na Kibelarusi, mara nyingi ndani ya kijiji kimoja na hata ndani ya nyumba moja. Hali hiyo ndiyo wanaisimu huiita mgusano wa lahaja, yaani kukutana kwa namna mbili au zaidi za usemi katika jamii moja kwa muda mrefu kiasi cha kubadilishana sauti, maneno na miundo ya sentensi.

Mifano yake ni mingi na inaonekana wazi. Mpaka wa matamshi yanayoitwa mazurzenie, ambayo kwayo sauti zinazoandikwa sz, cz na ż hutamkwa s, c na z, hata neno czas, lenye maana ya wakati, likasikika cas, unapita katika eneo hilo, kwa kuwa vijiji vya magharibi vilikuwa na matamshi hayo na vya mashariki havikuwa nayo. Katika msamiati, nafaka ambayo Kipolandi sanifu huiita gryka inajulikana na wakulima wengi wa mashariki kwa jina la hreczka, lenye asili ya Kiukraine, na mkulima anayelitumia hahisi kwamba amekopa, kwa sababu alilipokea kwa wazazi wake pamoja na mbegu yenyewe.

Siasa ilibadili ramani hiyo kwa nguvu. Kati ya 1944 na 1946 Waukraine wengi walihamishiwa Ukraine ya Kisovieti, na mwaka 1947, katika operesheni ya kijeshi iliyoitwa Wisła, zaidi ya watu 140,000, wengi wao Waukraine, waliondolewa kwa lazima kusini-mashariki mwa Poland na kutawanywa magharibi na kaskazini mwa nchi. Watafiti walioanza kutembelea vijiji vya mpakani baada ya hapo walikuta jamii zilizokatwa vipande, na kazi yao ikawa pia kazi ya kuokoa kilichosalia. Feliks Czyżewski alitoa mwaka 1986 atlasi ya lahaja za Kipolandi na Kiukraine za eneo la Włodawa, akiziweka lugha hizo mbili katika ramani zilezile ili msomaji aone zinavyoingiliana, na Michał Łesiów alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuchunguza lahaja za Kiukraine zinazozungumzwa ndani ya Poland. Halina Pelcowa aliandika mwaka 2001 kitabu kuhusu mwingiliano wa msamiati katika lahaja za Lublin, na kuanzia mwaka 2012 akaanza kutoa kamusi ya lahaja za mkoa huo, inayopanga maneno kwa nyanja za maisha kama vile zana za kilimo, wanyama na mimea.

Lugha ya wimbo na lugha ya shambani

Mtu aliyeunganisha uchunguzi wa lahaja na uchunguzi wa utamaduni alikuwa Jerzy Bartmiński, aliyezaliwa mwaka 1939 huko Przemyśl, jiji jingine la mpakani, na aliyesoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Maria Curie-Skłodowska. Kitabu chake kuhusu lugha ya fasihi simulizi, kilichotoka mwaka 1973, kilijibu swali ambalo wataalamu wa lahaja walikuwa wamelipita haraka, yaani iwapo wimbo wa kijiji umetungwa kwa lahaja ya kijiji hicho. Bartmiński alionyesha kwamba mwimbaji anapoingia katika wimbo huacha baadhi ya sifa za usemi wake wa kila siku na kushika maumbo yanayoeleweka katika eneo pana zaidi, kwa hiyo lugha ya wimbo ni mtindo maalumu unaopita juu ya mipaka ya lahaja moja moja, na wanakijiji wanaimiliki mitindo yote miwili na wanajua ni wakati gani kila mmoja unafaa.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko inavyoonekana kwa haraka, kwa sababu iliondoa dhana kwamba watu wa vijijini wana namna moja tu ya kusema, na wao wenyewe hawana habari nayo. Mtu anayechagua mtindo kulingana na tukio anaijua lugha yake kama fundi anavyozijua zana zake, na mtafiti anayemwendea hana budi kumwendea kama mwanafunzi. Tangu miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa Lublin walizunguka vijijini wakiwa na vinasa sauti, wakirekodi nyimbo, ngano, maombi, vitendawili, hirizi za maneno na maelezo ya kazi za shambani, na kanda hizo zikawa msingi wa nyaraka za etnolinguistiki zinazotunzwa chuoni. Mwaka 1986 ulitoka mkusanyo kuhusu nyimbo na desturi za Krismasi za mkoa huo, na mwaka 2011 zikatoka sehemu sita za nyimbo za Lublin katika mfululizo wa kitaifa wa nyimbo na muziki wa kijadi, kazi iliyoendeleza ile ya Oskar Kolberg, mkusanyaji mkuu wa karne ya 19, aliyekuwa ameshaandika juu ya Lublin na Chełm.

Kamusi inayofasili kwa maarifa ya wasemaji

Kanda zilipoongezeka, lilizuka swali la namna ya kuzipanga. Jibu lilikuwa kamusi ya aina mpya, ambayo toleo lake la majaribio lilichapishwa Wrocław mwaka 1980, na ambayo sehemu yake ya kwanza kamili ilitoka Lublin mwaka 1996 kwa jina la Słownik stereotypów i symboli ludowych, maana yake kamusi ya stereotipu na ishara za watu wa kawaida. Neno stereotipu, ambalo katika mazungumzo ya kila siku hubeba lawama, hapa lina maana pana zaidi: ni taswira ya kitu iliyozoeleka katika jamii, iwe ya kweli au si ya kweli, ambayo wasemaji huirithi pamoja na neno lenyewe.

Msingi wa kamusi hiyo ni kile Bartmiński alichokiita fasili tambuzi. Kamusi ya kawaida hufasili neno kwa kutaja jamii ya kitu na sifa chache zinazokitenganisha na vingine, ikisema kwa mfano kwamba jua ni nyota iliyo katikati ya sayari. Fasili tambuzi inauliza ni mambo gani mzungumzaji anayajua na kuyaamini kuhusu jua, kisha inayapanga yote katika vipengele kama vile majina, umbo, matendo, mahali, wakati na matumizi, ili jua liwe pia lile linaloamka asubuhi, linalotembea mbinguni, linalokwenda kulala na linalostahili heshima ya anayelitazama. Kila kidahizo kina sehemu mbili: maelezo yaliyopangwa kwa vipengele, na ushahidi uliopangwa kwa tanzu, kuanzia vitendawili na methali hadi nyimbo, ngano na simulizi za imani, hivyo msomaji anaweza kuhakiki kila dai kwa kurudi kwenye maneno ya msemaji mwenyewe.

Juzuu la kwanza, linalohusu ulimwengu wa asili, lilikamilika kwa sehemu nne zilizotoka kati ya 1996 na 2012, likieleza mbingu na mianga yake, moto, mawe, ardhi, maji, hali ya hewa na madini. Juzuu la pili, linalohusu mimea, lilianza kutoka mwaka 2017 kwa sehemu ya nafaka na kuendelea na mboga, maua, mitishamba na miti, chini ya Bartmiński na Stanisława Niebrzegowska-Bartmińska, ambaye amekuwa nguzo ya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Mwendo huo wa polepole unaeleweka, kwani kila mstari wa kamusi unasimama juu ya sauti ya mtu aliyehojiwa, na sauti hiyo lazima iandikwe, itambulishwe utanzu wake na kuwekwa mahali pake.

Jarida, istilahi na majirani wa kitaaluma

Mkondo wa fikra hauwezi kudumu bila uwanja wa mjadala. Mwaka 1987 wanaisimu walikutana Puławy, mji ulio karibu na Lublin, kujadili taswira ya ulimwengu katika lugha, na mihadhara yao ikatoka kitabuni mwaka 1990. Kwa dhana hiyo wanaisimu wa Lublin humaanisha jumla ya hukumu kuhusu watu, vitu na matukio, ambazo zimehifadhiwa katika sarufi, msamiati, misemo na matini za lugha fulani. Mwaka 1988 lilianzishwa jarida la Etnolingwistyka, likiwa na Bartmiński kama mhariri, nalo likawa mahali ambapo Wapolandi, Warusi, Waukraine, Wabelarusi, Waserbia, Wabulgaria na Wacheki waliweza kusomana.

Mkondo wa Lublin ulikua ukizungumza na mikondo mingine miwili. Huko Moscow, Nikita Tolstoj na wenzake walikuwa wakijenga upya utamaduni wa kale wa Waslavi wote, kazi iliyozaa kamusi ya mambo ya kale ya Kislavi katika majuzuu matano kati ya 1995 na 2012, ilhali Lublin iliegemea taifa moja na wakati ulio hai. Huko Australia, Anna Wierzbicka, mwanaisimu mzaliwa wa Warsaw, alikuwa akichambua maana za maneno ya lugha mbalimbali kwa kuzivunja katika dhana chache za msingi alizoziamini kuwa za binadamu wote, ilhali Lublin ilipendelea kuhifadhi maelezo marefu kama wasemaji wanavyoyatoa. Tofauti hizo zilizaa manufaa, kwa sababu zililazimisha kila upande kusema wazi ushahidi wake ni upi.

Kutoka kijiji hadi thamani za taifa

Mwaka 1989 utawala wa kikomunisti ulipoanguka, wanaisimu wa Lublin waliona kwamba nyenzo zilizobuniwa kwa ajili ya vijiji zingeweza kupima mabadiliko ya taifa zima. Mwaka 1990, na tena mwaka 2000, waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu nini kiini cha majina ya thamani kama vile uhuru, demokrasia, kazi, familia na nchi ya asili, wakitumia swali lenye kivumishi cha ukweli, yaani ni nini kinachofanya uhuru uwe uhuru wa kweli au mama awe mama wa kweli. Kivumishi hicho kilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa anayeulizwa kuhusu Mjerumani wa kawaida huelezea anavyomwona, lakini anayeulizwa kuhusu mama wa kweli hutaja kigezo ambacho kila mama hupimwa kwacho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika ripoti iliyohaririwa na Bartmiński.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuvuka mipaka. Chini ya mpango uliopewa jina la EUROJOS, ulioshirikisha pia Taasisi ya Taaluma za Kislavi ya Akademia ya Sayansi ya Poland huko Warsaw, watafiti wa nchi nyingi walichagua dhana tano na kuzichunguza kwa utaratibu mmoja wenye vyanzo vitatu: mfumo wa lugha kama unavyoonekana katika kamusi, majibu ya dodoso, na matini zilizoandikwa na kusemwa. Vitabu vilitoka kwa jumla ya majuzuu matano ya leksikoni ya thamani za Waslavi na majirani zao: nyumba mwaka 2015, kazi mwaka 2016, heshima ya utu na jina mwaka 2017, Ulaya mwaka 2018, na uhuru mwaka 2019.

Umuhimu wa utaratibu huo unaonekana pale ambapo tafsiri ya haraka ingedanganya. Warusi wana majina mawili ya uhuru, svoboda na volja, la pili likibeba nafasi isiyo na kizuizi na utashi wa mtu. Wapolandi nao wana wolność na swoboda, lakini mgawanyo wa kazi kati ya majina hayo haufanani na wa Warusi, ingawa mizizi ya maneno ni ileile. Vivyo hivyo nyumba, ambayo katika lugha nyingi ni jengo, familia, makazi ya moyo na mahali pa kazi za kila siku, haina mpangilio uleule wa umuhimu katika kila jamii. Kwa kuwa kila lugha ilielezwa kwanza kwa ushahidi wake, hakuna iliyofanywa kipimo cha nyingine, na huo ndio mchango mkubwa wa kimaadili wa mradi huo.

Tathmini

Jerzy Bartmiński alifariki Lublin tarehe 7 Februari 2022, wiki chache kabla Urusi haijaivamia Ukraine kwa vita kamili na wakimbizi hawajaanza kuingia kwa wingi mikoa ya mashariki mwa Poland, ikiwemo Lublin yenyewe. Mada ambazo wanazuoni wa pande zote walikuwa wamezijadili kwa utulivu, kama uhuru na nyumba, zikawa tena mambo ya uhai na kifo katika vijiji vilevile vya mto Bug vilivyokwisha kuona uhamisho wa 1947.

Historia ya mkondo huu ina udhaifu unaopaswa kutajwa. Madodoso ya thamani yaliwaendea zaidi wanafunzi wa vyuo vikuu, hivyo mkulima ambaye kamusi ilimtukuza hakupata nafasi sawa katika leksikoni. Pia wakusanyaji wa vijijini mara nyingi walitafuta maarifa ya wazee, na kuacha usemi wa vijana waliokuwa wakihamia mijini. Udhaifu huo haufuti uzito wa kazi, ila unaonyesha mahali ambapo kizazi kijacho kinapaswa kuanzia.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuijali historia hii. Rajmund Ohly, mwanaisimu wa Kipolandi, alifanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akishughulikia istilahi na msamiati, na kwa hiyo uhusiano wa elimu ya lugha ya Poland na ya Kiswahili si wa kubuni. Kiswahili nacho kina lahaja zinazokutana kuanzia pwani hadi Kongo, na kina methali, nyimbo na maelezo ya mila ambayo mengi yamo kwenye kanda ambazo bado hazijaandikwa. Idara za Kiswahili zenye kanda za namna hiyo hazina budi kuziandika, kuzitambulisha na kuzichapisha pamoja na majina ya dhana zinazobebwa humo, kwa kuwa wasemaji waliozirekodi wanazidi kupungua kila mwaka, na kazi iliyofanywa Lublin imethibitisha kwamba inawezekana kuikamilisha kwa subira ya watu wachache wanaofanya kazi pamoja kwa muda mrefu.